Mtungi wa ubani na gunia la Ifakara



Ndugu wasomaji, mama zetu wa pwani hufukiza mtungi kwa ubani kabla ya kuujaza maji. Moshi hutoweka, lakini harufu yake hubaki katika vitundu vya udongo na kuyanukisha maji kidogo kidogo. Wanasayansi nao hufuata kanuni hiyo. Katika Chuo Kikuu cha St Andrews, Scotland, wametumia ziolaiti, madini yenye vitundu visivyoonekana kwa macho, kuhifadhi gesi ya nitriki oksidi ili itoke polepole na kusaidia tiba ya vidonda.

Hapa nchini, kanuni hiyo imejaribiwa dhidi ya mbu na Taasisi ya Afya Ifakara, ambayo chimbuko lake ni maabara iliyoanzishwa na Waswisi mwaka 1957. Kibebeo chake ni kitambaa cha gunia. Gunia hulowekwa dawa iitwayo transfluthrini, ambayo hugeuka mvuke bila moto wala umeme, na nyuzi zake huiachia taratibu. Katika jaribio lililochapishwa mwaka 2012, lililofanyika ndani ya banda refu la wavu kwa mbu waliofugwa maabara, kinga ilizidi asilimia 90 kwa miezi 6. Baadaye tepe za gunia zilifungwa kwenye mwanya ulio kati ya ukuta na paa, na viti navyo vikatiwa dawa hiyo.

Kwa nini jambo hili lituguse? Chandarua humlinda aliyelala. Mama anayepika uani baada ya Magharibi, wazee wanaongoja Isha barazani, waumini wanaorejea kutoka tarawehe, na mkulima wa Kilombero anayelinda mpunga wake usiku, wote wako nje ya chandarua, na mbu wa malaria hawangoji tulale.

Hata hivyo, tunatahadharisha. Mtu asinunue dawa ya wadudu dukani akailoweka katika gunia nyumbani. Kipimo cha watafiti ni cha watafiti. Dawa hiyo ni sumu, na Uislamu unatukataza kujidhuru na kuwadhuru wenzetu. Tusubiri bidhaa zilizoidhinishwa na mamlaka husika.

Kwa sasa, tufanye yaliyo mikononi mwetu. Mtume (s.a.w.) alituhimiza kuwazuia watoto wasitoke nje giza linapoingia, tuishike Sunna hiyo. Mavazi ya stara yafunike mikono na miguu jioni. Wanaolala shambani wachukue chandarua kama wanavyochukua jembe. Mwenye homa, hasa mtoto au mjamzito, apelekwe kituo cha afya kupimwa siku hiyohiyo. Kutawakali kwetu kuje baada ya kufunga ngamia.