Simu ya zamani si kosa la aliyekimbia vita

Tarehe 15 Juni 2022 Microsoft iliacha kuihudumia Internet Explorer 11 kwenye kompyuta nyingi za Windows 10. Kivinjari hicho, yaani programu ya kufungulia kurasa za intaneti, kisililiwe. Kisichopata marekebisho tena ni nyumba isiyo na komeo.

Ubaya ni namna watu wanavyofungiwa mlango. Tangu Februari 2023 mgogoro wa Wambole na Walengola umewatoa maelfu vijijini, wengi wakakimbilia mjini Kisangani. Mama aliyekimbia alibeba watoto. Akiwa na simu, mara nyingi ni Android ya zamani iliyonunuliwa ikiwa imeshatumika. Anaambiwa matokeo ya mtihani wa serikali yako kwenye intaneti. Anatafuta mega, analipa kuchaji, anafungua: onyo kwamba ukurasa si salama.

Sababu inajulikana. Ukurasa salama una cheti, na simu hukikubali ikiwa inamjua mtoaji. Let's Encrypt, inayotoa vyeti bure kwa kurasa nyingi sana duniani, iliegemea sahihi ya zamani iliyoisha 30 Septemba 2024. Android nyingi zilizo chini ya toleo la 7.1.1 hazimjui mtoaji huyo bila sahihi ile. Simu haijaharibika, imeachwa nyuma.

Kumjibu mama huyo "nunua simu nyingine" ni dharau. Anayeweka tangazo ndiye wa kuhangaika: aujaribu ukurasa kwa simu ya zamani kabla ya kuutangaza, aandike maneno matupu (picha ya mkurugenzi iliyo nzito kuliko orodha, nani aliiomba?), abandike majina ukutani kambini na kuyapeleka redioni yasomwe. Na ofisi ambayo fomu yake bado inadai Internet Explorer isijifiche nyuma ya Edge. Edge ina njia ya kufungua kurasa hizo za zamani, na Microsoft imeahidi kuihudumia hadi 2029 angalau. Huo ni muda wa kuandika fomu upya, si wa kulala.

Wenye simu hizo wanaweza kujaribu Opera Mini, ambayo hutayarisha ukurasa kwenye mitambo ya Opera kisha huutuma ukiwa mwepesi. Inatosha kusoma matokeo. Namba ya siri ya pesa isiandikwe humo, wala kwenye ukurasa wowote uliotoa onyo, hata kama anayesimama pembeni anasema bonyeza tu.