Faini kwa Mama wa Nyanya, Supamaketi Inapeta

Makamanda, juzi nikitoka chuo nilipita supamaketi moja huku Tegeta. Nyanya nne zimelazwa kwenye kisahani cheupe cha povu gumu, juu zimebanwa na nailoni. Ukitaka mbili, huzipati. Kufika kaunta dada ananiuliza, "Una mfuko?" Sina. Nikauziwa mfuko mbadala, nikatoka na plastiki ndani ya plastiki.

Ndiyo, plastiki. Ile mifuko inayofanana na kitambaa ni ya polipropilini, plastiki iliyofanywa nyuzi zikagandamizwa. Ndiyo maana inatakiwa iwe na uzito wa gramu 70 kwa mita ya mraba, ili mtu aitumie mara nyingi. Ile myepesi inachanika siku hiyohiyo na kuishia mtaroni kama rambo.

Tuwe wakweli, marufuku ya Juni 1, 2019 ilisaidia. Rambo zilizokuwa zinaning'inia kwenye nyaya na michongoma zimepungua, na sisi wapinzani tusione aibu kulisema hilo. Swali langu ni nani alibebeshwa mzigo. Soma Kanuni zenyewe, Tangazo la Serikali Na. 394 la 2019. Mtengenezaji wa mifuko, faini kuanzia milioni 20 hadi bilioni 1. Sawa. Anayekutwa anautumia, 30,000 hadi 200,000, au jela isiyozidi siku saba, au vyote viwili. Kwa mama anayepanga mafungu ya nyanya Mbagala Rangi Tatu, laki mbili inaweza kuwa mtaji wote.

Halafu Kanuni hizohizo zinaruhusu vifungashio vya bidhaa za viwandani na vya usindikaji wa chakula. Unga na maziwa naelewa. Lakini kubana nyanya nne kwa nailoni ni usindikaji gani? Mlango uliachwa wazi, na anayepita ni mwenye duka la kiyoyozi.

Na taka hizo zina historia kwenye mitaa yetu. Wakazi wa Tabata walichoshwa na moshi wa dampo, wakaishtaki Halmashauri ya Jiji mwaka 1988, kesi ya Joseph Kessy. Wakashinda. Jiji likarudi mahakamani kuomba liongezewe muda wa kuendelea kumwaga, na Jaji Lugakingira akalikatalia kwa kutumia haki ya kuishi iliyo kwenye Katiba, ibara ya 14. Jiji likafanya nini? Likahamia Kunduchi Mtongani, Kinondoni. Mwaka 1991 Festo Balegele na wenzake wakaenda mahakamani nao, wakashinda. Baadaye ikawa Vingunguti, ikawa Mtoni kule Temeke, sasa ni Pugu Kinyamwezi. Yaani miaka yote hiyo kinachohamishwa ni dampo tu, na aliyeleta taka sokoni haulizwi kitu.

Wakati dawa tunaijua tangu utotoni. Kwa Mangi, ukitaka kuondoka na soda ya chupa unapeleka chupa tupu au unaacha hela yake. Hakuna semina iliyofanyika. Kreti inarudi kiwandani, chupa inaoshwa, kazi inaendelea. Kama duka la mtaani lenye balbu moja linaweza, supamaketi yenye kompyuta kila kaunta inashindwaje?

Kwa hiyo tudai Kanuni zirekebishwe. Mboga na matunda yauzwe kwa mizani, bila kisahani, mteja aje na kapu lake. Supamaketi ipokee chupa na vifungashio ilivyouza na ilipie safari yake ya kurudi. Mfuko ukichanika kabla ya wakati, mteja abadilishiwe bure. Na tusisubiri hisani, maana Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, kifungu cha 4, inampa kila anayeishi Tanzania haki ya mazingira safi, na cha 5 kinamruhusu kuidai mahakamani. Wazee wa Tabata hawakuwa hata na sheria hiyo.

Jambo moja la nyumbani, najua wengine mtaninunia. Tangu mikutano ya hadhara iruhusiwe tena Januari 2023, angalieni viwanja vyetu tukishamaliza. Chupa za maji kila kona, na anayeziokota ni kijana wa skrepu. Kamati ya maandalizi, mkutano ujao leteni madumu ya lita 20 na vikombe. Mimi nitakuja na changu.