Mtoto wa Mbwa Mkubwa Asiharakishwe

Mtoto wa mbwa aina ya Great Dane huzaliwa na uzito wa takriban nusu kilo, na kabla ya kutimiza mwaka anaweza kupita kilo 45. Kwa sababu hiyo wengine hushauri kwamba ashibishwe bila kipimo na aongezewe kalsiamu ili mifupa ihimili mwili. Ushauri huo ni wa hatari, na anayeumia ni mbwa.

Kalsiamu ya ziada haiimarishi mfupa unaokua. Utumbo wa mbwa mchanga, hasa kabla ya miezi sita, hauwezi kuizuia ipasavyo. Inayozidi huingia mwilini na kuvuruga gegedu, ambalo ndilo linalogeuka kuwa mfupa. Hili halikubahatishwa: watafiti wa Utrecht, Uholanzi, walilionyesha kwa watoto wa Great Dane mwaka 1985. Dalili huonekana zaidi kwenye miguu ya mbele: hupinda penye kifundo, nyayo zikaelekea nje, na mnyama akaanza kuchechemea.

Unono nao huilemea mifupa hiyohiyo. Mbavu zipapasike kwa vidole bila kubonyeza, na kiuno kionekane mbwa anapotazamwa kutoka juu. Chakula kiwe cha watoto wa mbwa wakubwa, ambacho madini yake yamekwisha kupimwa, kigawanywe mara tatu kwa siku. Anayekua polepole hapotezi kimo. Kimo huamuliwa zaidi na urithi, nacho hufikiwa, ila kwa kuchelewa kidogo. Ngazi ndefu na kukimbizwa barabarani vingoje mifupa ikomae, karibu miezi 18.