Weupe Ulioungua Haurudi

Askari polisi mmoja wa Kaberebere, mji ulio kwenye barabara itokayo Mbarara kuelekea Kikagati, alirudi nyumbani siku moja akitokea Nakivale. Ndani ya kamera yake kuukuu mlikuwa na picha kumi na nne. Alikuwa amepita kando ya ziwa yapata saa saba mchana, na ukingoni mwa mafunjo akawakuta korongo taji wawili, wale ndege walio katikati ya bendera ya Uganda tangu mwaka 1962. Akapiga picha kwa furaha. Lakini zilipofunguliwa katika kompyuta ya bintiye, furaha ikaisha. Mashavu ya ndege yalikuwa meupe kama karatasi tupu, na chini ya mbawa palikuwa peusi kama masizi ya chungu.

"Zifute, mwanangu," akasema. "Hazifai."

"Subiri kwanza, Baba," binti akajibu. "Tutazame kilichomo gizani kabla hatujakitupa."

Neno hilo la binti ndilo somo la juma hili, kwani jamaa nyingi siku hizi zina simu au kamera, na picha nyingi hufutwa kwa haraka zikiwa bado na faida.

Kwanza yafaa kuelewa kosa lilikotoka. Kaberebere iko kusini mwa Ikweta kwa pungufu ya digrii moja. Mwezi Machi na mwezi Septemba jua la adhuhuri husimama utosini, na kwa saa za Uganda kilele hicho hufika karibu na saa saba, si saa sita. Jua la namna hiyo hupiga mgongo na kichwa cha ndege, likaacha tumbo na miguu katika kivuli kizito. Tena korongo taji ni mtihani mgumu kwa kamera yoyote: paji lake jeusi, shavu jeupe, taji la dhahabu na mwili wa kijivu, vyote hukaa pamoja. Jicho la mwanadamu huvipatanisha. Kamera haina uwezo mkubwa kiasi hicho.

Kila chembe ya kamera ipokeayo mwanga ni mfano wa kikombe kilichotegwa mvuani. Kikijaa, matone yafuatayo humwagika, wala hakuna ajuaye yalikuwa mangapi. Ndivyo shavu la korongo linavyogeuka doa jeupe lisilo na unyoya hata mmoja. Wahenga walinena kuwa maji yakimwagika hayazoleki. Kikombe cha kivulini, kwa upande wake, kina maji machache lakini yapo, na yaweza kupimwa. Basi kanuni ni hii: wakati wa kupiga, linda weupe, wakati wa kutengeneza, inua kivuli.

Kuulinda weupe si kazi ngumu. Katika simu, gusa kwa kidole mahali penye mwanga mwingi, kisha punguza mwanga kidogo kabla ya kupiga. Kamera nyingi zina onyo la kumetameta juu ya sehemu zilizoungua, nazo zaweza kupunguziwa mwanga hadi onyo hilo litoweke. Kadhalika kamera nyingi huhifadhi picha kwa namna mbili. Namna ya kawaida, iitwayo JPEG, hubana picha na kubakiza ngazi 256 za mwanga kwa kila rangi. Namna ya pili ni faili ghafi. Yenye biti 14 huwa na ngazi 16,384. Faili hilo hula nafasi kubwa zaidi, lakini mtengenezaji hupata akiba ya kutosha.

Kwa bahati njema, askari huyu alikuwa amehifadhi picha zake katika faili ghafi. Binti akaanza kwa kutengeneza nakala, akaiacha picha ya asili bila kuigusa. Kisha akashusha sehemu za mwanga polepole. Katika picha tisa shavu lilibaki tupu, likageuka kijivu kama chokaa chafu. Hizo zilikuwa zimeungua. Katika picha tano mistari ya manyoya ikarudi. Hapo ndipo akainua vivuli, kidogo kidogo, huku akiitazama picha nzima wala si sehemu moja tu.

Hapa wengi hukosea kwa tamaa. Kivuli kikiinuliwa kupita kiasi, hutokea chengachenga za rangi kama mchanga, na ndege huzungukwa na ukanda mweupe usio wa kawaida. Paji la korongo ni jeusi; likigeuzwa kijivu, picha imesema uongo. Kwa hiyo binti alirudisha weusi mahali pake, kisha akaangaza kwa brashi ya kompyuta sehemu iliyo chini ya bawa peke yake. Mwisho akaifunga kazi hadi asubuhi, maana jicho lililochoka huona kila kitu kuwa chema.

Ufundi huu si mgeni. Zamani za filamu, mafundi walikaa katika chumba cha giza na kukinga mwanga kwa kiganja juu ya karatasi ya picha. Palipokingwa palitoka peupe zaidi. Palipoongezwa mwanga palitoka peusi zaidi. Ansel Adams wa Marekani, aliyeishi kati ya mwaka 1902 na 1984, alipata sifa kubwa kwa kazi ya namna hiyo. Kompyuta imechukua tu nafasi ya kiganja.

Asubuhi ilipofika, jamaa yote ilikusanyika. Katika picha ya tatu kati ya zile tano, chini ya tumbo la korongo mmoja, palipokuwa peusi kabisa, palionekana kinda wa rangi ya hudhurungi amesimama kati ya majani. Baba hakuwa amemwona, ijapokuwa alisimama pale pale.

Mama akakunja uso. "Mwanangu, huyu hukumchora wewe?"

Binti hakukasirika. Akafungua picha ya asili kando ya ile iliyotengenezwa, akainua kivuli mbele ya macho yao. Kinda akajitokeza tena, mahali pale pale. Askari akatikisa kichwa kwa kuridhika, kwa kuwa katika kazi yake anajua thamani ya kielelezo ambacho asili yake imehifadhiwa. Kuinua kivuli ni kumpa shahidi nafasi ya kusema aliyoyaona. Kuongeza ndege asiyekuwapo ni kumfundisha shahidi uongo.

Baba alitaka kuituma picha kwa wenzake wote wa kambini, pamoja na jina la mahali. Mama akamzuia. "Baba watoto, uitume picha, lakini mahali pabaki kuwa siri yetu. Akija mwizi wa makinda, utakuwa wewe umemwonyesha njia."

Alikuwa na haki. Tangu mwaka 2012 korongo taji wamo katika orodha ya kimataifa ya viumbe walio hatarini kutoweka. Mabwawa wanamotaga yanakaushwa kwa kilimo, na makinda na mayai huchukuliwa viotani. Ardhi oevu ya Mburo na Nakivale ilitambuliwa chini ya Mkataba wa Ramsar mwaka 2006, lakini mkataba hausimami ukingoni mwa maji kumlinda kinda mmoja. Watu wanaopita ndio walinzi wake wa kila siku.

Picha ile ilitumwa bila jina la mahali, na nakala yake imetundikwa ukutani sebuleni. Zile tisa zilizoungua nazo hazikufutwa upesi. Binti alimwonyesha baba yake kila moja na kumweleza palipopotea. Juma lililofuata askari alirudi ziwani saa moja na nusu asubuhi, jua likiwa bado chini na vivuli vyepesi. Alisimama mbali ili asiwashtue ndege, na kabla ya kupiga akapunguza mwanga kidogo kwa ajili ya lile shavu jeupe.