Maji ya Beseni Kwenye Mstari wa Ikweta

Wahenga walisema, kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Katika barabara zetu liko jambo moja zuri ambalo lingejiuza lenyewe, lakini mbele yake kimewekwa kibaya kinachojitembeza. Na sisi walimu, ambao yatupasa kusema, tumefumba vinywa. Basi leo twasema.

Msomaji aliyesafiri kutoka Nyeri kwenda Nanyuki, au kutoka Kampala kwenda Masaka hata akapita Kayabwe, apajua mahali tunapopataja. Kando ya njia kipo kibao kikubwa kimwambiacho msafiri ya kuwa hapa ndipo upitapo mstari wa Ikweta, ugawao dunia nusu mbili. Magari husimama. Wageni hushuka, huweka mguu mmoja kaskazini na mguu mmoja kusini, hucheka, nao hupigwa picha. Vibanda vya shanga, vikapu na vinyago vimepangwa hapo, na wenye vibanda hivyo hupata unga wa watoto wao.

Mahali kama hapo hatupadharau. Mtoto asomaye habari za Ikweta katika ramani ni sawa na mtu wa bara asikiaye habari za bahari: huamini, lakini hajaonja chumvi yake. Mlete mtoto yule barabarani, umsimamishe chini ya kibao, naye atatazama huku na huku, kisha atauliza, "Mwalimu, mbona mstari wenyewe siuoni?" Swali hilo lapita masomo mengi ya ubaoni, kwa maana hapo ndipo akili yake ianzapo kutambua ya kuwa yako mambo yasiyoonekana kwa macho, nayo ni ya kweli, kwa kuwa hupimwa na kuhesabiwa. Mahali pawezapo kuzaa swali la namna hiyo pana heshima, hata ikiwa ni kando ya barabara penye vumbi na kelele.

Lakini haukupita muda, huja mtu mwenye beseni lenye tundu chini yake, na mtungi wa maji, na njiti ya kiberiti. Huwakusanya wageni, akawapeleka hatua 20 upande wa kaskazini, akatia maji, akaielezesha njiti juu yake. Maji yanaposhuka tunduni, njiti huzunguka upande mmoja. Kisha huwapeleka hatua 20 upande wa kusini, na njiti huzunguka upande wa pili. Mwisho husimama juu ya mstari wenyewe, na maji hushuka wima pasipo kuzunguka. Watu hupiga makofi. Hutajiwa jina la mtaalamu Coriolis, hulipa, na atakaye huuziwa cheti cha kushuhudia ya kuwa amevuka Ikweta. Onyesho la namna hii limepata hata kuoneshwa katika televisheni ya Uingereza, katika safari za Michael Palin zilizotangazwa mwaka 1992.

Nasi twasema waziwazi: onyesho hili si kweli. Ni ustadi wa mikono.

Tusije tukadhaniwa kuwa twasema kwa hasira tu, na tueleze. Gaspard-Gustave de Coriolis alikuwa Mfaransa, naye mwaka 1835 aliandika juu ya nguvu zionekanazo katika vitu viendavyo juu ya kitu kizungukacho. Aliyoyaandika ni kweli. Pepo kubwa, zisafirizo mamia ya kilometa, hupindishwa kwa sababu dunia yazunguka: kaskazini hupindia kuume, na kusini hupindia kushoto. Kimbunga Idai, kilichoupiga mji wa Beira nchini Msumbiji mwezi wa Machi 2019, kilizunguka kama mishale ya saa iendavyo. Na vimbunga vya kaskazini huzunguka kinyume chake.

Lakini angalieni jambo hili. Mtu asimamaye kwenye ncha ya dunia huzungushwa papo hapo kama pia, mara moja kila siku. Mtu asimamaye juu ya Ikweta hazungushwi hivyo hata kidogo. Huchukuliwa tu kwenda mashariki kama abiria garini, kwa mwendo upatao kilometa 1,670 kwa saa. Je, aliye mita 20 kando ya Ikweta? Ajuaye hesabu na aifanye. Ataona ya kuwa ardhi iliyo chini ya miguu ya mtu huyo yahitaji miaka ipatayo 870 kumgeuza mzunguko mmoja. Maji ya beseni hushuka kwa dakika moja. Ni nani awezaye kuamini ya kuwa jambo lihitajilo miaka 870 litaonekana katika dakika moja, tena kwa njiti ya kiberiti?

Hata mbali na Ikweta, kuliona jambo hili katika maji ni kazi kubwa. Mwaka 1962 mtaalamu Ascher Shapiro wa Massachusetts, Marekani, aliandika habari za jaribio lake. Alitumia chombo chenye upana wa futi 6, akakijaza maji ya kina cha inchi 6, akayaacha yatulie muda wa saa 24, ili asiachwe hata msukosuko mdogo uliotokana na kuyamimina. Ndipo maji yalipozunguka jinsi yapasavyo upande wa kaskazini. Mwaka 1965 wataalamu wa Sydney, Australia, walifanya vivyo hivyo, na maji yakazunguka kinyume. Hao walingoja siku nzima. Mwenye beseni hangoji hata msafiri amalize kuipangusa miwani yake. Huyamimina maji kwa upande autakao, au huugeuza mwili wake kidogo huku amelishika beseni, na maji huwa yamekwisha kuanza kuzunguka kabla tundu halijazibuliwa.

Sasa tuungame kosa letu wenyewe, maana si haki kumshitaki mwingine nasi tukijificha. Mwaka mmoja tuliwapeleka wanafunzi wetu mahali pamoja penye mstari huo. Tulilipa, nao wakatazama. Mmoja wao, msichana mwenye kupenda kuuliza, akatunong'oneza, "Mwalimu, twaweza kumwomba ayaache maji yatulie kwanza?" Tulimtazama mwenye beseni, tukawatazama wageni waliokuwa wakipiga makofi, tukaona haya. Tukasema, "Twendeni, gari lanangoja."

Juma la pili tuliwapa mtihani mdogo wa jiografia. Yule msichana aliandika ya kuwa maji ya beseni hubadili mzunguko kwa kuvuka Ikweta hatua 20. Tulipomtilia alama ya kosa alikuja mezani na karatasi yake, akasema kwa adabu, "Mwalimu, nilidhani ni kweli. Ulikuwapo, nawe hukusema neno." Hatukuwa na jibu. Siku ile tulichukua beseni la jikoni, tukalitoboa, tukaliweka katika uwanja wa shule, ulio mbali na Ikweta. Tukayazungusha maji kuume, tukayazungusha kushoto, tukayashusha wima, yote mahali pamoja, mbele ya darasa zima. Wanafunzi walicheka sana. Yeye hakucheka.

Twajua majibu tutakayopewa. Wengine watasema, "Mwacheni maskini apate riziki yake." Hatuchukii riziki ya mtu. Lakini muuza maziwa naye atafuta riziki, wala hatumruhusu kutia maji katika maziwa. Wengine watasema, "Ni mchezo tu, nani aumizwaye?" Mchezo ukiitwa mchezo ni mchezo, ukiitwa elimu, nao watoto wakaja na daftari zao kuuandika, ni udanganyifu. Tena wengine watasema, "Wazungu nao hufanya hivyo." Ni kweli kwamba ulaghai huu hauna kabila. Nchini Ecuador, Amerika ya Kusini, mnara mkubwa wa Ikweta uliomalizika mwaka 1982 ulijengwa mita 240 hivi kando ya mstari wa kweli, na watu elfu nyingi wamepigwa picha juu ya mstari usio mstari. Lakini kosa la jirani halikupata kuwa dawa ya kosa la nyumbani.

Kinachotuuma zaidi ni hiki: uongo ule wasimama mbele ya kweli iliyo kubwa kuliko wenyewe, ukaificha. Pale pale kando ya barabara yako maajabu yasiyotaka beseni. Siku za tarehe 20 au 21 Machi, na tarehe 22 au 23 Septemba, jua la adhuhuri husimama juu ya utosi. Simika mti wima, nawe utaona kivuli chake kimejikunja shinani, yapata saa sita na nusu kwa saa ya Kenya. Usiku usio na mawingu, mtu wa Ikweta aweza, katika mzunguko wa mwaka, kuziona nyota za kaskazini na za kusini pia. Jambo hilo mtu wa London hawezi. Vimbunga vikubwa haviwezi kujifanyia makao juu ya mstari huu, kwa sababu ile ile ya kuwa mzunguko wa Coriolis hapa umekoma. Nayo ni neema ambayo watu wa Beira wangeitamani. Na msafiri wa Nanyuki, mbingu zikiwa safi, na ainue macho auone Mlima Kenya, wenye urefu wa mita 5,199, umebeba barafu karibu kabisa na mstari ambao vitabu huuita kiini cha joto. Hayo ndiyo mambo ya kutozea watu ada!

Basi twapendekeza nini? Kwanza, mwalimu asiwapeleke watoto kwenye Ikweta kabla hajawafundisha darasani, na akifika huko asione haya kusema, "Yaache maji yatulie." Pili, mwenye beseni asifukuzwe. Ana sauti, ana ucheshi, ana mkono mwepesi. Mtu kama huyo ni mwalimu aliyekosa kitabu tu. Na afundishwe kulionyesha beseni lake kwa jina lake halisi: asimame mahali pamoja, awaulize wageni wataka maji yazunguke upande gani, ayazungushe vivyo hivyo, kisha awaonyeshe jinsi mkono udanganyavyo jicho. Twaamini watampigia makofi yale yale, nao watarudi makwao wakiwa na akili zaidi kuliko walivyokuja.

Tatu, na hili latuhusu sisi. Mtoto huuamini ukimya wa mwalimu wake kuliko maneno ya mgeni. Tukinyamaza mbele ya uongo kwa sababu watu wanashangilia, tumekwisha kuufundisha.