Kiwanja hakisemi, jirani anasema

Huku milimani ni baridi tu, ukungu unalala mpaka saa nne asubuhi, na mwenzenu naandika nikiwa nimejifunga kitenge juu ya sweta. Wiki hii sina habari za mapenzi. Wale walioniandikia kuhusu wachumba wanaopotea kila mshahara ukitoka wavumilie, zamu yao itafika. Leo tuongee pesa. Tena pesa yangu mwenyewe, iliyoliwa mchana kweupe!

Kila kijana wa mjini siku hizi anataka kiwanja. Ukikaa saluni, viwanja. Ukipanda daladala, viwanja. Hata kwenye lile kundi la simu la watu tuliomaliza kidato cha nne pamoja, ambako zamani tulikuwa tunatumiana vichekesho, sasa ni picha za vichaka na bei chini yake. Lushoto nayo imo, kwa ajili ya hewa. Mtu akishapanda zile kona kutoka Mombo, kilomita 33 za kuzungushwa kama chapati, akapita Soni akaona maji yanavyoporomoka, akifika juu ameshaamua kujenga. Hata kwenye basi hajashuka.

Mimi na shoga yangu wa Dar tuliamua hivyo hivyo. Mimi nimepanga chumba hapa Lushoto mjini, kazi yangu ni hii kalamu na marobota ya mitumba siku za soko. Yeye ana saluni yake uswahilini. Tulicheza upatu mwaka mzima, tukadunduliza, hesabu yetu ikiwa vyumba sita vya kupangisha. Wanafunzi wa Chuo cha Uongozi wa Mahakama wanatafuta vyumba, watumishi wanatafuta vyumba, na mimi mwenyewe hiki ninacholalia nilikipata kwa kuwahi, watu wawili walikuwa nyuma yangu. Dili hilo, au sivyo?

Kijana mmoja dalali, ambaye ofisi yake ni benchi pale stendi, akatupeleka njia ya Irente. Ewe Mola! Unasimama pale unaiona Mazinde chini kama imechorwa, na tambarare ya Umasaini inaenda mpaka macho yanachoka. Hatua 30 kwa 20. Mwenye shamba, baba wa makamo, mpole, kofia ya bandia kichwani, hataki makuu. Bei ya kutupa. Akasema yupo mtu wa Tanga anakitaka, kwa hiyo tuache chochote. Tukaacha kishika uchumba cha laki sita, nusu yangu na nusu ya shoga. Tukaandikiana kwenye karatasi ya daftari, dalali akawa shahidi, tukanywa chai.

Wiki mbili baadaye nikapanda peke yangu kwenda kufyeka. Nikawakuta akina mama watatu wanalima maharage kwenye kiwanja changu! Nikawasalimia, shikamooni. Mkubwa wao akaitikia, akanitazama kuanzia viatu mpaka kichwani, akauliza, "Mwanangu, wewe mtoto wa nani?"

Nikasema mimi mgeni, mama, nimenunua hapa. Wakaangaliana. Mmoja akakaa chini kabisa, jembe mkononi.

Basi kasheshe lote likatoka. Shamba ni la marehemu baba yao, halijagawanywa. Yule mpole ni kaka yao. Dada mwingine ameolewa Mlalo, hajui kitu. Mke wa kaka hajui kitu. Na mtu wa Tanga yupo kweli, ila na yeye alishaacha chochote chake, tena kabla yetu. Kaka mtu ameshuka Mombo, simu haipatikani. Dalali naye nilipomfuata benchini akaniambia yeye kazi yake kuonyesha tu. Na haya yalinikuta kwenye mji ambao mahakimu wanakuja kusomea! Laki sita hiyo sijaiona mpaka leo.

Sasa kilichoniuma zaidi. Wale akina mama walikuwa wanalima pale siku zote. Nyumba yao ni ya tatu kutoka barabarani. Siku ile ya kwanza ningepiga hodi nikaomba maji ya kunywa tu, ningeambiwa yote bure. Nilikuwa na pesa, nilikuwa na hamu, sikuwa na mtu.

Najua neno kujuana linanuka kidogo. Hapa Bongo limezaa mpaka undugunaizesheni, kazi inakwenda kwa mtoto wa shangazi na wewe na cheti chako unabaki unapigwa jua. Mimi siongelei hiyo. Wala siongelei kujuana kwa benchini, maana madalali wa stendi wanajuana sana tu, wanapigiana simu usiku kucha. Tatizo ni kwamba wewe ukiingizwa mjini, wao hawapungukiwi kitu, kesho basi lingine linashusha wengine. Anayekufaa ni yule ambaye ukitapeliwa na yeye anaumia. Jirani atakayeishi na ugomvi wako mlangoni kwake. Mama wa sokoni ambaye atakuona kila gulio. Mwenyekiti atakayeamshwa usiku mkikatana mapanga juu ya mpaka. Hao ndio wa kuwatafuta kabla hujatafuta kiwanja.

Na watu wa huku wana haki ya kuwa wagumu. Wajerumani walikuja wakaona mandhari kama tulivyoona sisi, wakapaita Wilhelmstal, wakajigawia, na hawakumpigia hodi jirani. Waingereza nao mwaka 1946 wakaleta mpango wao wa Mlalo, kulazimisha watu kulima kwa matuta, mpaka wananchi wakakataa na mpango ukafa miaka ya 1950. Ardhi yenyewe finyu, mlima na bonde, kila kipande kina bibi wa mtu. Ndiyo maana unaulizwa wewe mtoto wa nani. Nilidhani ni umbea. Kumbe wanatafuta mahali pa kukushika.

Basi mara ya pili sikutafuta kiwanja. Nilimtafuta mtu. Meza yangu ya mitumba sokoni inapakana na mama mmoja wa mboga, karoti, hoho, kabichi, mzigo wake mwingine unapanda lori kwenda Dar. Miezi yote ile tulikuwa tunasalimiana tu. Nikaanza kumsaidia kufunga viroba. Nikamtafutia sweta za wajukuu kabla sijafungua robota kwa wengine. Kwao kukatokea msiba, kijiji cha juu huko njia ya Magamba, nikaenda. Siku mbili nimemenya ndizi jikoni mpaka vidole vikawa vyeusi. Msomaji, yale masufuria ya msibani yana habari kuliko ofisi yoyote! Nilijua nani anauza kwa shida ya ada, nani anauza kwa pombe, na shamba gani lina kesi tangu babu hajafa. Sikuuliza hata moja. Nilimenya ndizi.

Mwezi uliofuata yule mama akaniambia, "Mwanangu, yupo mzee anataka kupunguza shamba, ana kijana wa kusomesha. Usije na mtu wa stendi. Njoo na mimi."

Alinipeleka kwanza kwa majirani, kwa mzee tulikwenda mwisho. Babu mmoja jirani, mkongojo mkononi, alinizungusha kipande chote. Akanionyesha masale yaliyopandwa mpakani na baba yake. Akanionyesha upande wa chini ambako masika ya nyuma udongo uliporomoka na migomba yake, akasema hapo usijenge hata banda la kuku. Akanionyesha kijito, akasema ukikisogelea utavunjiwa. Nilipouliza nikakuta babu yuko sawa, Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inataka mita 60 kutoka kwenye chanzo cha maji. Pima mita 60 kwenye mabonde yetu haya uone viwanja vingapi vinavyotangazwa kwenye simu vinabaki! Na akaninong'oneza kuwa kipande kingine cha jirani, ambacho mimi nilikuwa nimekitamani zaidi, kinagusana na msitu wa hifadhi wa Magamba, na mwenyewe huwa anasogeza kigingi.

Hakuna dalali angeniambia hayo.

Halafu kikaja kikao cha familia. Mzee, mkewe, watoto wakubwa, ndugu zake wawili, wote chini ya mparachichi. Mkewe aliulizwa mbele yetu, akajibu mwenyewe. Dada zangu mnaoolewa sikieni na hili, Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 hairuhusu mume kuuza nyumba ya ndoa bila mke kukubali, kwa hiyo ukinunua kwa mume peke yake umejinunulia kesi. Tukaenda kwa mwenyekiti wa kitongoji, kisha kwa mtendaji. Kwa kuwa eneo ni la kijiji, si viwanja vilivyopimwa vya mjini, linaongozwa na Sheria ya Ardhi ya Vijiji, namba 5 ya mwaka 1999, na inabidi Halmashauri ya Kijiji ikae ikubali. Mahakama ya Rufani ilishasema mauziano bila Halmashauri ya Kijiji ni batili. Lile karatasi langu la daftari na chai yake lilikuwa la kufungia vitumbua tu, hata kama yule kaka angekuwa mkweli.

Kikao kilikaa, muhtasari ukaandikwa, muhuri ukapigwa. Mashahidi wangu walikuwa yule babu na majirani wengine wawili. Na bei haikuwa ya kutupa! Nililipa zaidi ya ile ya Irente, tena kwa eneo dogo. Yule mama wa mboga hakutaka hata shilingi ya udalali. Alichotaka ni ahadi kwamba nikijenga, vibarua wawe vijana wa pale, na kokoto ninunue kwa mkwe wake. Nikakubali. Unaweza kusema na hiyo ni undugunaizesheni. Sawa, labda ni kidogo. Ila mkwe wake ananikopesha kokoto.

Wapo watakaosema mimi sina miezi sita ya kumenya ndizi, nina likizo ya siku tatu. Haya. Tumia hizo siku tatu kupiga hodi nyumba zinazozunguka kiwanja, zote nne, bila dalali. Kaa na mwenyekiti. Uliza nani analima pale sasa hivi. Na usitegemee kwamba mambo yakiharibika utakimbilia Baraza la Kata likukatie hukumu. Tangu sheria ilipobadilishwa mwaka 2021 baraza hilo linapatanisha tu, likishindwa ndiyo unakwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, na huko utaulizwa mashahidi wako ni akina nani. Utamtaja yule wa benchini?

Kimebaki cha shoga yangu. Alininunia miezi mitatu, na haki anayo, mimi ndiye niliyekuwa Lushoto, mimi ndiye niliyesema njoo na pesa. Laki tatu yake nimeilipa kidogo kidogo kwa mitumba, ya mwisho niliituma mwezi uliopita. Juzi akapanda basi akaja kuona mwenyewe. Alishuka amekunja uso, kona za Soni zilikuwa zimemtapisha. Tukapanda mpaka kiwanjani, babu na mkongojo wake huyo, akamtazama kuanzia viatu mpaka kichwani.

"Na huyu mtoto wa nani?"

Shoga akanigeukia. Nikamwambia babu, "Huyu wangu, babu. Tunajenga wote."

Babu akasema basi aonyeshwe na yeye mpaka, akatangulia mbele.

Wiki ijayo nitawaletea wale wachumba wa mwisho wa mwezi. Barua zenu ninazo zote.