Je, Kamari ya Hesabu si Kamari?



Kijana mmoja wa hapa Musoma, niliyemsomesha Juzuu Amma tangu mdogo, alinijia baada ya sala ya Alasiri na simu mkononi. Akasema: "Sheikh, mnatuhukumu kwa jambo msilolijua. Mchezo huu wa karata si bahati nasibu, ni hesabu. Kuna wakati wa kutia dau, wakati wa kuongeza, wakati wa kupita bila kutia, na wakati wa kutupa karata. Mwenye kuzijua nyakati hizo hapati hasara." Nikamsomea aya, nikamwambia aende zake, nikidhani nimemjibu. Haukupita muda nikasikia kwamba fedha alizokabidhiwa na wenzake watatu, za nyavu na taa za kuvulia dagaa, zimekwisha zote ndani ya simu ile. Leo namjibu yeye na wenziwe kama ilivyonipasa kumjibu siku ile.

Kwanza, nakiri kwamba hesabu ipo. Mchezo wenyewe ni poka, ile ambayo dau lake lina kipimo maalumu. Kila mtu hupewa karata mbili, na tano hufunuliwa katikati. Madau hutiwa kwa zamu nne, na zamu mbili za mwisho dau huwa maradufu. Mchezaji mwenye kopa nne anayesubiri ya tano, huku karata mbili zikiwa bado kufunuliwa, anajua kwamba katika karata 47 asizoziona, kopa ni 9. Basi karata ifuatayo itamfaa kiasi cha mara moja katika tano. Kama fedha zilizo katikati hazizidi mara nne ya anachotakiwa kutia, kanuni yao ya mwanzo humwambia atupe. Hiyo ni elimu, nami siikanushi.

Lakini tazama elimu hiyo imefika wapi. Januari 2015 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Alberta, huko Kanada, walitangaza programu waiitayo Cepheus. Iliachwa icheze na nafsi yake poka hiyo ya watu wawili, mpaka ikawa mtu akicheza nayo umri wake wote hataweza kuonyesha kwa yakini kwamba ina kasoro. Pamoja na hayo, mashine hiyo nayo hushindwa mkono huu na ule, kwa kuwa karata hazimtii mwenye akili. Wataalamu hao walithibitisha pia kwamba mgawaji ana faida kabla hata ya kutazama karata zake. Sasa wewe uliyekaa Mwigobero na simu yako, wamjua aliye upande wa pili? Ni mtu au ni mashine? Wajua hesabu yake imezidi yako kwa kiasi gani?

Pili, na hili ndilo zito: tuseme kweli unajua kuliko wao. Ushindi wako watoka wapi? Poka haizai kitu. Shilingi unayoipata ndiyo aliyoipoteza mwenzio, tena baada ya mwenye mchezo kukata fungu lake. Basi unaposema "nashinda kwa akili", umekiri kwa ulimi wako kwamba unamtafuta asiyejua ili ule mali yake. Akili hapo haiondoi dhambi, bali inaiongeza. Anayeshinda kwa bahati amekula mali ya nduguye bila kukusudia nani awe mjinga; wewe umemchagua.

Tatu, wengi wenu wa Musoma, Bunda na Butiama hamchezi karata, mnacheza mkeka wa mpira, na hoja yenu ni ile ile ya hesabu. Haya, tuhesabu. Chagua mechi kumi, na kila moja iwe na nafasi mbili katika tatu za kutokea kama ulivyosema. Nafasi ya zote kumi kutokea haifiki 2 katika 100. Na malipo hayako kamili. Jambo lililo sawa kwa sawa, kama kurusha sarafu, lingestahili kukulipa 2,000 kwa 1,000 yako. Tuseme hukupa 1,900. Ukiunga kumi za namna hiyo, upungufu huzidishana, na 1,000 yako kwa wastani hurudi 600. Huyo ndiye mwenye hesabu, naye si wewe.

Wengine husema: "Hata mvuvi hubahatisha, na mkulima wa pamba wa Bunda hajui mvua." Huo ni mchanganyo wa mambo. Mvuvi akipata samaki hakumnyang'anya mvuvi mwingine, na mji umepata kitoweo. Akikosa, hakuna aliyefurahia kukosa kwake. Mwenyezi Mungu hakukataza hatari ya kazi.

Wengine husema: "Serikali imeruhusu, ipo sheria ya mwaka 2003, ipo Bodi, na kodi hulipwa." Ni kweli. Pombe nayo ina leseni. Qur'ani yenyewe, katika Suratul Baqara aya ya 219, haikukana kwamba ulevi na kamari vina manufaa kwa watu. Imesema madhara yake ni makubwa zaidi. Kisha Suratul Maida, aya ya 90 na 91, ikaamrisha kuviepuka, ikataja uadui na kughafilika na sala. Waulize wale wavuvi watatu kama wanasema na mwenzao.

Wala hatukusema akili isichezwe. Mwalimu Nyerere alicheza bao na wazee pale Butiama, na kete zilirudi shimoni bila mtu kulala njaa. Wanazuoni wamehitilafiana juu ya michezo ya namna hiyo, lakini michezo hiyo ikitiwa dau hawakuhitilafiana.

Kwa hiyo, mwanangu, swali lako la lini utie na lini upite lina jawabu moja, nalo huja kabla ya karata kugawiwa. Usiifuate hasara kwa dau jingine. Toba ina masharti: kuacha, kujuta, kuazimia kutorudi, na kurudisha haki za watu. Anza na wale watatu, hata kwa kidogo kidogo kila giza la mwezi mnapotoka kuvua. Na sisi walimu na wazazi, kijana akija na hoja, tusimfukuze kwa aya tukadhani tumemfundisha. Mimi nilifanya hivyo, na nyavu hazikununuliwa.

Wabillahi tawfiq.